Poda gani ya kung'arishia hematiti na jicho la simbamarara: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wanaong'arisha mawe mjini Lubumbashi kwa pipa la kuzungusha, yaani pipa dogo linalogeuzwa na mota likiwa na mawe, maji na poda, hatua baada ya hatua. Wengi wameanzia kwenye malakiti ya Kolwezi na Likasi, jiwe laini ambalo msasa na kipande cha ngozi vinatosha kulitoa uso mzuri. Kisha wanapata hematiti, jiwe jeusi na zito, au lile jiwe la mistari ya dhahabu ambalo wauzaji wetu huliita kwa Kifaransa œil-de-tigre. Wanalizungusha mwezi mzima na linatoka limefifia. Lawama ya kwanza huangukia poda. Mara nyingi poda haina kosa, lakini uchaguzi wake una mambo yake, kwa hiyo tunaanzia hapo.

Nina pesa ya poda moja tu. Ninunue ipi?

Nunua oksidi ya alumini, ile nyeupe, yenye chembe za mikroni 1 (sehemu ya elfu ya milimita) au pungufu. Inang'arisha mawe yote mawili. Kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs oksidi ya alumini iko kwenye 9, jicho la simbamarara kwenye 7 kwa kuwa ni kwatsi (quartz), na hematiti kati ya 5.5 na 6.5. Poda hiyo inayashinda yote mawili kwa ugumu bila shida, na bei yake ni nafuu kuliko ya seriamu au ya bati.

Angalia tu ukubwa wa chembe. Jina hilohilo la oksidi ya alumini liko pia kwenye mifuko ya punje za kahawia za kupulizia chuma ili kutoa kutu. Hizo ni za kukwaruza. Ukizitia kwenye pipa la hatua ya mwisho umerudisha mawe yako hatua tatu nyuma.

Kuwa na aina mbili za mawe hakukulazimishi kununua poda mbili. Kinachotakiwa mara mbili ni pipa, au angalau bitana ya pipa. Sababu iko chini.

Wanasema oksidi ya seriamu ndiyo bora. Ni kweli?

Kwa jicho la simbamarara, ndiyo, ni nzuri sana. Seriamu haitegemei ugumu peke yake. Ndani ya maji, chembe zake hushikana na silika (ndiyo kiini cha kioo na cha kwatsi) iliyo juu ya jiwe na kuibandua kwa tabaka jembamba mno. Ndiyo maana inang'arisha kioo na kwatsi ingawa yenyewe si ngumu kuliko kwatsi. Mafundi wa vioo vya magari huitumia kuondoa mikwaruzo ya kioo cha mbele, na huko ndiko wengi wanakoipata kwa kiasi kidogo. Ile ya kawaida ina rangi ya waridi iliyofifia au kahawia, na iliyo safi zaidi ni nyeupe.

Hematiti haina silika. Ni chuma na oksijeni tu, Fe₂O₃, kwa hiyo ule msaada wa kikemia haupo. Itang'aa, ila utangoja zaidi na utalipa zaidi bila kupata kitu ambacho alumini haikupi. Kama tayari unayo seriamu, iweke kwa ajili ya jicho la simbamarara na kwatsi nyingine.

Na oksidi ya bati? Naweza kusaga kasiteriti ya Manono?

Oksidi ya bati huipa hematiti weusi wa kioo unaopendeza, laini kuliko ule wa alumini kwa macho ya wengi. Tatizo ni bei. Kwa shanga chache za kuuza kwa bei nzuri inafaa, kwa kilo tano za mawe ya kawaida ni hasara.

Kasiteriti ni jambo jingine. Ni kweli kwamba kwa kemia kasiteriti ndiyo hiyo oksidi ya bati, SnO₂, na hapo ndipo watu wanapopotea. Madini yanayotoka ardhini ni punje nyeusi au za kahawia zilizochanganyika na kwatsi na madini mengine. Ukiyatwanga na kuyachekecha kwa kitambaa utapata chembe za kila ukubwa, kuanzia mikroni moja hadi mia. Poda ya kung'arishia hutengenezwa kiwandani kutokana na bati safi, na chembe zake hukaribiana kwa ukubwa. Punje moja ya kwatsi ya mikroni 50 ndani ya pipa inatosha kuchora kila jiwe mle ndani kwa siku saba. Kasiteriti yako iuze, ununue poda.

Poda ya kijani ya kromiamu na ile nyekundu ya masonara je?

Ya kijani huingia kwenye nyufa na vishimo na haitoki. Kwenye malakiti doa la kijani halionekani, ndiyo maana mafundi wa malakiti wanaipenda. Kwenye jicho la simbamarara kila ufa utakuwa mstari wa kijani. Iache.

Ile nyekundu ni oksidi ya chuma, yaani hematiti yenyewe iliyofanywa unga. Inang'arisha dhahabu na fedha vizuri. Dhidi ya hematiti inapambana na ndugu yake mwenye ugumu uleule, kwa hiyo inakwenda polepole, na inachafua mikono, pipa na sakafu.

Pasta ya kung'arishia rangi ya gari au poda ya marumaru, ambazo zipo madukani?

Pasta ya gari ina mafuta na nta. Ndani ya pipa lenye maji inajikusanya mabonge, mawe yanateleza yakiwa yamefunikwa utando na hayasuguliwi. Kwa mkono, juu ya kitambaa, inaweza kutoa mng'aro wa muda ambao ni nta tu. Osha kwa maji ya moto na sabuni, unaondoka.

Poda ya marumaru ni ya hatari zaidi, kwa sababu nyingi kati yake zina asidi ya oksaliki. Asidi hiyo huyeyusha oksidi ya chuma. Ndiyo hiyohiyo wanaotafuta fuwele za kwatsi hutumia kuondolea madoa ya kutu. Kuitia kwenye pipa la hematiti ni kulila jiwe unalotaka kulipamba. Malakiti nayo huharibika kwa asidi, na mapovu ya gesi yakikosa pa kutokea pipa lililofungwa litavimba. Usiitumie kwenye pipa, hata kidogo.

Nitajuaje kama poda nyeupe niliyouziwa kwenye mfuko usio na jina ni yenyewe?

Swali hili lina uzito, maana unga mweupe wa kila aina hufanana. Kuna vipimo vitatu unavyoweza kufanya nyumbani ndani ya siku moja.

Kwanza, weka robo ya kijiko kwenye kisahani, dondoshea siki. Ukiona mapovu, umeuziwa chaki au chokaa. Oksidi ya alumini, ya seriamu na ya bati hazitoi povu.

Pili, chukua glasi ndefu inayoonyesha ndani, jaza maji hadi kina cha sentimita 10, tia nusu kijiko cha chai cha poda, koroga na uache. Chembe za mikroni 1 za oksidi ya alumini huchukua zaidi ya saa 15 kushuka kina hicho. Za mikroni 15, ambazo ni karibu na namba 500 ya poda za kukwaruza (namba ikipanda, chembe ni ndogo zaidi), hushuka kwa dakika tano hivi. Kwa hiyo maji yakiwa yamekuwa meupe kabisa kama maziwa hata baada ya saa mbili, una poda ya kung'arisha. Yakiwa safi baada ya robo saa, una poda ya hatua ya kabla yake. Na yakibaki kama maziwa lakini ndani ya dakika za mwanzo kumetua safu nyembamba ya punje chini ya glasi, poda yako imechanganyika, na hiyo ndiyo mbaya kuliko zote kwa sababu inadanganya. Poda nyingine huganda vibonge vidogo vinavyozama haraka. Tone la sabuni ya vyombo kwenye maji huvitawanya, halafu pima upya.

Tatu, weka poda iliyoloweshwa kati ya vipande viwili vya kioo cha dirisha, sugua kwa duara dakika moja ukisikiliza. Poda nzuri inateleza kimya. Mlio wa kukwaruza, hata mara moja, unamaanisha kuna punje. Osha kioo, kielekeze kwenye mwanga, mstari utauona.

Poda yangu imepita vipimo vyote, lakini hematiti bado imefifia. Kwa nini?

Chukua jiwe moja, likaushe kabisa (jiwe lenye maji linadanganya, kila jiwe lililolowa linang'aa) na uliangalie kwenye mwanga wa dirisha. Uso uliokamilika unaonyesha nondo za dirisha zikiwa na kingo kali. Ukiona mwanga lakini nondo zina ukungu, shika kioo cha kukuzia mara 10 utazame ni kitu gani kilichopo.

Mistari myembamba iliyonyooka, ikienda huku na huku, ni mabaki ya hatua ya namba 120/220. Poda ya kung'arisha haifuti mikwaruzo hiyo hata ukizungusha miezi miwili. Chembe ya mikroni moja haiwezi kushusha uso mzima hadi chini ya mfereji wa mikroni kumi. Rudi namba 500, siku saba hadi kumi, kisha upya kwenye poda.

Alama ndogo za mwezi mwandamo, au madoa ya kijivu kwenye kingo, ni vipigo. Hapa hematiti ina ubaya wake wa pekee. Uzito wake ni mara 5.26 ya maji, na wa jicho la simbamarara ni kama 2.65. Jiwe la ukubwa uleule linaanguka likiwa na uzito maradufu juu ya mwenzake, na hematiti ni jiwe linalovunjika kirahisi. Pipa lisilojaa vizuri linayapa mawe nafasi ya kuruka. Jaza hadi robo tatu. Ongeza vipande vidogo vya seramiki vya milimita 3 hadi 6 mpaka viwe karibu nusu ya vilivyomo. Punje za plastiki nazo zinasaidia, lakini huelea. Kwenye tope jepesi zitapanda juu na kuacha mawe yakigongana chini. Ukizitumia, punguza maji. Wengine huongeza sukari, vijiko vitatu au vinne vikubwa kwa lita moja ya mawe, ili maji yawe mazito na kila jiwe lianguke pole. Mbinu hiyo inafanya kazi, ila sukari huchacha: fungua kifuniko kila siku utoe hewa.

Utando mwekundu juu ya jiwe jeusi si ubovu. Ni unga wa hematiti yenyewe, ambao ni mwekundu hata kama jiwe ni jeusi kama lami. Jina lake linatokana na neno la Kigiriki lenye maana ya damu, na mara ya kwanza kufungua pipa utaelewa. Piga mswaki kwa maji ya sabuni.

Na kama uso wote una vimeta-meta na unabanduka magamba, hiyo ni hematiti ya aina ya magamba. Hakuna poda itakayoiokoa. Chagua tangu mwanzo mawe mazito yaliyoshikamana, yasiyoacha wekundu mwingi kidoleni.

Kuna njia ya kujaribu kabla ya kupoteza wiki nzima?

Ipo, na tunawasihi watu waifanye kila mara. Baada ya namba 500, osha mawe, chagua mawili. Lowesha kipande cha suruali ya jinzi kuukuu, paka poda kidogo iwe kama uji, sugua sehemu moja ya jiwe kwa nguvu kwa dakika tatu. Ikitoka inang'aa safi, mawe yako tayari. Iking'aa huku mistari ikibaki, rudi namba 500. Isipobadilika kabisa, kagua poda.

Nizungushe hematiti na jicho la simbamarara pamoja?

Hapana. Hematiti ni nzito na itapiga kingo za jicho mpaka ziwe na weupe kama wa barafu. Jicho, likiwa gumu zaidi, litakwaruza hematiti. Na ule unga mwekundu utaingia kwenye nyufa za jicho, usitoke tena. Wanaofanya hivyo wakifanikiwa ni kwa bahati ya mawe mazima yasiyo na ufa.

Pipa lililozungusha hematiti lipe alama, liwe la hematiti siku zote.

Nipeni hatua na vipimo.

Tunapima kwa lita ya mawe yaliyomiminwa, si kwa kilo, kwa sababu poda hufanya kazi kwenye uso wa jiwe na si kwenye uzito wake. Lita moja ya jicho la simbamarara ina kama kilo 1.6, ya hematiti inapita kilo 3. Ukipima kwa kilo utaipa hematiti poda maradufu bure. Kijiko tunachosema ni kile kikubwa cha supu, mililita 15, kilichosawazishwa.

Anza na kabidi ya silikoni (punje ngumu za kukwaruza, zinazotumika hadi namba 500) namba 60/90, vijiko 6 kwa lita. Maji yafike chini kidogo ya safu ya juu ya mawe. Siku saba, kisha fungua: jicho la simbamarara kwa kawaida linahitaji wiki ya pili, hata ya tatu, mpaka pembe ziwe zimelainika na mashimo yameisha. Kila wiki badilisha poda, maana ya zamani imekwisha kusagika. Jiwe lenye ufa mkubwa litoe sasa, usingoje. Hematiti iliyo tayari mviringo inaweza kuruka hatua hii na kuanzia inayofuata.

Namba 120/220, vijiko 6, siku saba.

Namba 500, vijiko 6, siku saba hadi kumi. Hapa ndipo kazi inapokamilika au kuharibika. Mwishoni jiwe kavu liwe na uso laini kama ganda la yai, bila mstari hata mmoja.

Poda ya kung'arisha, vijiko 3 hadi 6. Oksidi ya alumini nzuri inatosha kwa 3. Nyingine zinataka zaidi. Maji kidogo kuliko hatua zilizopita, siku saba. Seramiki mpya au iliyotengwa kwa hatua hii tu.

Kati ya kila hatua na nyingine osha mawe, pipa, kifuniko, na ukingo wa kifuniko unakojificha uchafu. Osha kwa mswaki, maji matatu. Baada ya namba 500 osha mara mbili ya hapo.

Mwisho, kwaruza sabuni ya kipande isiyo na rangi wala manukato, kijiko kimoja kwa lita, maji hadi juu ya mawe, zungusha saa moja. Inaondoa poda iliyobaki kwenye vishimo. Si lazima, lakini kwenye jicho la simbamarara tofauti utaiona.

Mota yangu inachoka nikitia hematiti.

Fanya hesabu. Pipa la lita 1 likijaa theluthi mbili kwa jicho la simbamarara lina mawe ya kilo 1 na kidogo. Kiasi hichohicho cha hematiti ni kilo 2.1, na maji bado. Mota iliyopangiwa kilo 1.4 itapata joto, mkanda utateleza au kukatika. Badala ya kupunguza ujazo wa pipa (mawe yataruka), badilisha nusu ya hematiti kwa seramiki. Uzito unashuka, ujazo unabaki, na vipigo vinapungua.

Jicho langu limeng'aa lakini lile "jicho" lenyewe halionekani vizuri.

Ule mstari wa mwanga unaotembea hutokana na nyuzi zilizolala sambamba ndani ya kwatsi. Unaonekana tu kwenye uso unaokwenda sambamba na nyuzi. Pipa huviringisha jiwe pande zote, kwa hiyo kila jiwe litakuwa na upande mzuri na upande uliokufa. Hakuna poda ya kurekebisha hilo. Ukiwa na mawe mabichi makubwa, yakate vipande bapa kufuata nyuzi kabla ya kuyatia.

Mabonde madogo kati ya mistari yanatokea pale tabaka laini linapolika haraka kuliko gumu. Ongeza muda wa namba 500, usiongeze wa 60/90.

Na hapa kuna jambo la afya. Jicho la simbamarara lina asili ya krosidoliti, ambayo ni asbesto ya buluu, na mabaki yake yanaweza kuwamo, hasa kwenye mawe ya buluu. Jiwe zima mkononi au shingoni halina madhara. Ndani ya pipa lenye maji vumbi halitoki. Hatari ni kulikata au kulisugua likiwa kavu: unavuta vumbi la silika na pengine nyuzi hizo. Kata kwa maji yanayotiririka, vaa barakoa ya kuzuia vumbi ya daraja la FFP3, na tope lililomwagika lifute likiwa bado bichi. Usilifagie limekauka, na watoto wasicheze hapo.

Umeme unakatika kila mara. Mawe yanaharibika?

Hayaharibiki, muda tu unapotea. Hesabu saa za kuzunguka, si siku za kalenda: "siku saba" ni saa 168. Andika kwenye karatasi juu ya pipa saa umeme ulipoondoka na uliporudi.

Hatari iko kwenye kuwaka tena. Pipa likilala saa nyingi, tope linatua na kushikana kama saruji changa, hasa kwenye 60/90, na mota ikiwaka ghafla inaunguza mkanda. Umeme ukikatika, chomoa. Ukirudi, toa pipa, litingishe kwa mikono mpaka usikie mawe yanaachana, ndipo uchomeke. Mota ya wati 40 inakula karibu kWh 1 kwa siku nzima, kwa hiyo betri na sola vinaweza kuibeba, na kama utaweza kuilinda hatua moja tu, ilinde ile ya namba 500.

Vumbi la kiangazi lina madhara kwa mawe?

Makubwa. Kuanzia Mei hadi Septemba vumbi jekundu la Lubumbashi linatua juu ya kila kitu, na ndani yake mna chembe za kwatsi. Kufungua pipa la mwisho uani wakati upepo unavuma ni kutia mchanga kwa hiari. Fungua ndani, funika poda kwenye chupa yenye kifuniko, kijiko cha poda kisitoke humo. Maji ya kisima yaliyo na rangi yaache yatue usiku kucha na uchote ya juu.

Pipa la bomba la PVC linafaa?

Linafaa. Bomba la milimita 110, urefu wa sentimita 20, linabeba kama lita 1.7. Likiwa tupu ukuta wake mgumu unapiga mawe, hivyo livishe ndani mpira wa ndani wa tairi la lori, uliooshwa kwa sabuni. Tengeneza bitana mbili: punje za kabidi huzama kwenye mpira na kubaki humo, na huwezi kuzitoa zote. Bitana ya kung'arishia isiguse kabidi kamwe.

Kuhusu mwendo, pipa la kipenyo hicho likifika mizunguko 130 hivi kwa dakika mawe yananata ukutani hayaanguki tena. Mwendo mzuri ni mizunguko 50 hadi 60 kwa hatua za kukwaruza, na 35 hadi 45 kwa kung'arisha. Kwa hematiti shika ule wa chini siku zote. Pipa likiwa pana zaidi, punguza: la kipenyo cha sentimita 25 linataka 30 hadi 40.

Na malakiti, naweza kuitia kwenye pipa?

Peke yake, ndiyo. Ugumu wake ni 3.5 hadi 4, kwa hiyo ruka 60/90, anza na 120/220 kwa siku tatu au nne ukikagua kila siku, na tia punje za plastiki nyingi. Oksidi ya alumini inamaliza kazi. Hakuna siki, ndimu, amonia wala asidi yoyote karibu. Vumbi na tope lake vina shaba na ni sumu: usitumie sufuria au vijiko vya jikoni, na nawa kabla ya kula.

Hematiti yangu inavutwa na sumaku kwa nguvu. Ni nzuri zaidi?

Si hematiti ya ardhini. Ile ya asili haivutwi, au inavutwa kidogo tu. Shanga nyeusi zinazoshikana zenyewe kwa zenyewe hutengenezwa kiwandani. Ukitaka kuhakikisha, sugua jiwe nyuma ya kigae kisichopakwa rangi ya kung'aa: hematiti huacha mstari mwekundu wa kahawia. Shanga za kiwandani kwa kawaida zimekwisha kung'arishwa, na kuzitia kwenye pipa kutazichubua.

Tope nilimwage wapi?

Usilimwage kwenye sinki wala choo. Linatua kwenye kona ya bomba na kuganda, na fundi atalikata bomba zima. Mimina kwenye ndoo, acha siku moja, maji safi ya juu utayatumia kuoshea duru inayofuata ya 60/90. Tope la chini litie kwenye mfuko likiwa bichi, ulifunge, ulipeleke na taka. La malakiti lifunge peke yake, na lisitupwe mtoni wala kwenye bustani ya mboga.